UZI: Huduma za utengemao Pemba – tudai nini, kwa nani, na mwezi gani?

Mtetezi_Wawi

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Barua za kuomba huduma za utengemao, yaani za kumrejeshea mtu uwezo wa viungo vyake, kama vigari (viti vya magurudumu), miguu ya bandia na wataalamu wa fiziotherapia, huanza kumiminika Chukwani mwezi wa Mei, Baraza la Wawakilishi likiwa limeshaingia kwenye kikao cha bajeti. Hapo tumeshachelewa. Ukomo wa kila wizara umeshawekwa, vitabu vimeshachapwa, na Mwakilishi hata akitutetea kwa moyo wake wote, atakachoambulia ni ahadi ya Waziri. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini mahitaji ya idara na hospitali hukusanywa miezi mingi nyuma. Ndiyo maana naufungua uzi huu sasa.

Msimamo wangu ni kuwa dai letu kubwa lisiwe sheria mpya. Zanzibar ilikuwa na Sheria Namba 9 ya 2006, na sasa tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 8 ya 2022. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Kifungu cha 26 kinazungumzia utengemao moja kwa moja. Tunachokosa ni kasma, yaani mstari wa fedha wenye jina lake ndani ya bajeti ya Wizara ya Afya. Masuala ya watu wenye ulemavu yanaratibiwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, chini ya afisi za Makamu wa Rais. Mtaalamu wa fiziotherapia ni mwajiriwa wa Afya. Fedha ziko Hazina. Ukienda kwa wa kwanza, atakwambia tiba si yake. Ukienda kwa wa pili, atakwambia ulemavu una afisi yake. Mgonjwa wa Konde au Kengeja anabaki katikati.

Jambo jingine ambalo watu hulikosea: afya si jambo la Muungano. Mtu wa kumfuata ni Mwakilishi wa jimbo, si Mbunge. Na ndani ya Baraza, pa kubisha hodi ni Kamati ya Ustawi wa Jamii.

Ninachoomba kwenu ni vipimo, idadi, maneno ya kisheria na yale yanayoharibika njiani. Nimeshaona maombi mengi mazuri yakikosa hata tarakimu moja.

MsomaBajeti

Wa alaykumu salaam, Maalim.

Bajeti ya SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) imepangwa kwa programu, kwa hiyo usitafute neno "ulemavu" kurasa zote. Nenda fungu la Wizara ya Afya, ushuke programu kuu, kisha programu ndogo. Huduma ikiwa haina programu ndogo wala shughuli yenye jina, basi imemezwa ndani ya "huduma za hospitali", na fedha zikipungua ndiyo ya mwanzo kukatwa, maana hakuna anayeiona ikikatwa.

Halafu tazama safu mbili: fedha zilizoidhinishwa na fedha zilizotolewa. Watu hushangilia ya kwanza. Kasma inaweza kuidhinishwa Juni, Machi ikafika haijatolewa hata robo. Mwombeni Mwakilishi aulize kwa robo mwaka.

Na swali la Barazani liandikwe vizuri. "Je, Serikali ina mpango gani wa kuimarisha huduma za utengemao Pemba?" Hilo limeshajibiwa kabla halijaulizwa: Serikali inaendelea kuimarisha kadiri hali ya fedha inavyoruhusu. Swali lenye meno linakuwa hivi:

"Je, ikama ya wataalamu wa fiziotherapia, tiba kwa vitendo na viungo bandia katika hospitali za Chake Chake, Wete, Micheweni na Abdulla Mzee ni nafasi ngapi, ngapi zimejazwa, na fedha zilizotolewa kwa vifaa saidizi katika mwaka wa fedha uliopita ni kiasi gani dhidi ya zilizoidhinishwa?"

Hilo halijibiki kwa sentensi laini. Na maswali ya nyongeza yaandaliwe mapema, kwa sababu jibu la msingi likija nusunusu, hapo ndipo pa kulikamilisha.

KanuniKwanza

Nakubaliana na nusu ya hoja, Maalim Mtetezi. Kasma bila kanuni ni ya mwaka mmoja. Waziri akibadilika, au wizara zikiunganishwa na kutenganishwa kama tulivyozoea, kasma inapotea na hakuna aliyevunja sheria.

Tazameni kitenzi. "Waziri anaweza kutunga kanuni" si amri. "Waziri atatunga kanuni ndani ya miezi 12 tangu sheria kuanza kutumika" ni amri yenye saa. Kadhalika "kwa kadiri rasilimali zitakavyoruhusu": maneno hayo yakiachwa peke yake yanafuta kila kilichoandikwa kabla yake. Mkataba wenyewe, Kifungu cha 4(2), unaruhusu haki za kijamii kutekelezwa hatua kwa hatua, lakini unaitaka nchi itumie rasilimali zake kwa kiwango cha juu kabisa. Kwa hiyo kila penye "kadiri" pawekwe pia wajibu wa kutoa taarifa Barazani kila mwaka: kilichohitajika, kilichotengwa, kilichotolewa, na pengo lililobaki.

Kifungu cha 26 kina mambo manne ya kuingia kwenye kanuni karibu kama yalivyo: huduma ianze mapema iwezekanavyo; ijengwe juu ya tathmini ya wataalamu wa fani mbalimbali kwa pamoja; iwe ya hiari; na iwe karibu na watu wanapoishi, vijijini ikiwemo. Hilo la mwisho ndilo hoja ya Pemba. Huwezi kumwambia mgonjwa wa Micheweni avuke bahari kwa kukazwa mkanda wa mguu wa bandia, kisha ukasema huduma iko karibu.

Kwa wanaofikiria mswada binafsi: Mjumbe hawezi kupeleka mswada unaoubebesha Mfuko Mkuu wa Hazina mzigo mpya bila ridhaa ya Serikali. Wengi hufika nusu ya njia ndipo wanaambiwa. Hoja binafsi inayoitaka Serikali ichukue hatua ni nyepesi zaidi, ingawa nayo nguvu yake ni ya kisiasa tu. Njia fupi kuliko zote ni kanuni chini ya sheria iliyopo, kwa sababu hazihitaji kusomwa mara tatu Barazani. Zinatungwa na Waziri na kutangazwa katika Gazeti Rasmi.

FundiMagurudumu

Naingia kwenye vigari tu, maana hapo ndipo pesa nyingi inapopotea.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 unakadiria kuwa asilimia 1 ya watu wanahitaji kigari. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773. Kwa hiyo tunazungumzia watu kama 18,900 visiwa vyote. Tarakimu hiyo itumike kuonesha ukubwa wa jambo tu. Msiipeleke kama oda.

Mwongozo huohuo unaitaja huduma ya kigari kuwa hatua nane: rufaa, tathmini, kuandikiwa aina na vipimo, kutafuta fedha na kuagiza, kukitayarisha kigari, kukikalia na kukirekebisha, mafunzo ya kukitumia, kisha matengenezo na ufuatiliaji. Zabuni nyingi hununua hatua moja, ya kuagiza. Makontena yanashuka, vigari vyote inchi 18, vinagawiwa uwanjani siku moja, na mtoto wa miaka saba anakaa kwenye kiti cha mtu mzima huku uti wa mgongo ukipinda.

Andikeni vipimo kwenye barua. Upana wa kiti ufuate nyonga. Kina kiwe urefu wa paja toka makalio hadi nyuma ya goti, ukitoa sentimita 3 hadi 6, maana kikigusa nyuma ya goti kinazuia damu na kumsukuma mtu mbele. Sehemu ya miguu iwe juu ya ardhi angalau sentimita 5, la sivyo inagonga mawe. Zabuni itaje saizi zisizopungua tano, za watoto mbili.

Kwa barabara zetu za mchanga na mawe ya matumbawe, kigari cha hospitali chenye magurudumu madogo ya mbele, membamba na magumu, kinazama na kumpindua mtu kifudifudi. Kinachofaa ni chenye mwili mrefu, gurudumu la mbele pana na lililosogea mbele zaidi, na matairi ya nyuma ya upepo ya saizi ya baiskeli, ili mpira na kiraka vipatikane dukani Chake. Beringi ziwe za saizi za kawaida na zenye kifuniko. Hewa ya chumvi inakula beringi iliyo wazi kabla ya vuli mbili kupita. Sharti jingine ni majaribio ya ISO 7176, kiwango cha kimataifa cha vigari. Bila hilo muuzaji analeta chuma chochote.

Mto ni sehemu ya kigari, wala si pambo. Asiyehisi makalio yake akikaa kwenye kitambaa kitupu anapata kidonda cha mgandamizo, na kidonda hicho kikifika mfupani matibabu yake yanazidi mbali bei ya mto. Msikubali mto kuwekwa kama "nyongeza ikiwezekana".

Na saa za kazi, tuseme ni watu 200 kwa mwaka. Tathmini saa 2, kukirekebisha na mafunzo saa 2, jumla saa 800. Kwa saa 6 za kazi halisi kwa siku ni siku 133 za mtaalamu mmoja, kabla hajarudi kufuatilia hata mtu mmoja. Kamati ikiona hesabu hii inaelewa kwa nini tunaomba nafasi ya ajira pamoja na vigari.

Mama_Kiuyu

Ahsante sana fundi. Je, na watoto wa mguu kifundo (mguu uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa) na wa mtindio wa ubongo? Wao kigari si jibu la kwanza, na kwenye barua nyingi hawamo kabisa.

BiFizio

Umesema kweli, bibie. Nianze na mguu kifundo, kwa sababu ni hoja rahisi kuliko zote kumshinda nayo mtu wa Hazina.

Njia ya Ponseti ni kuunyoosha mguu kidogokidogo na kuufunga hogo kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7, kuanzia wiki za mwanzo baada ya kuzaliwa. Watoto wengi huhitaji pia kukatwa kano ya kisigino, kwa ganzi ya pale pale, na hogo la mwisho hukaa wiki 3. Baada ya hapo ni viatu vyenye chuma cha kuviunganisha: saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha usiku na wakati wa kulala mchana mpaka mtoto afike miaka 4 au zaidi kidogo. Kinachoharibika ni hapo kwenye viatu. Bajeti inanunua unga wa hogo kwa sababu uko kwenye orodha ya vifaa vya hospitali, na haimo kasma ya viatu. Mtoto anakua, kiatu kinabana, mama anakivua, mguu unarudi. Kazi yote ya mwanzo inapotea na mtoto anaishia kwenye upasuaji mkubwa. Kwa hiyo ombi lihesabu jozi kadhaa za viatu kwa kila mtoto, kwa sababu mwaka wa kwanza mguu hubadilika haraka mno. Na nauli ya mama ya kila wiki iwemo; akikosa wiki mbili katikati, hogo linalegea na kazi inarudi nyuma.

Mtindio wa ubongo unahitaji kitu tofauti: kiti cha kumweka mtoto wima anapolishwa, kifaa cha kusimamia, mazoezi yanayofundishwa kwa mzazi nyumbani, na ufuatiliaji wa miaka. Mtoto akilishwa akiwa amelala, chakula kinaingia njia ya hewa, na homa za mapafu zinarudi kila mara. Kasma ya viti vya kulishia ni kasma ya kupunguza vifo, iandikwe hivyo bila haya.

Watoto wa mgongo wazi na kichwa maji wanapata upasuaji pale Mnazi Mmoja, na hilo ni jambo kubwa kwa nchi yetu. Lakini baada ya kushonwa, mtoto wa mgongo wazi mara nyingi anahitaji katheta (mpira wa kutolea mkojo) kila siku ya maisha yake. Mtu mzima aliyeanguka mkarafuuni akavunjika uti wa mgongo naye ni hivyohivyo, mara 4 hadi 6 kwa siku. Bila katheta mkojo unarudi kwenye figo. Kwenye vitabu vya bohari ya dawa katheta zipo kwa ajili ya wodi. Mgonjwa aliye nyumbani hana fungu. Liwekwe.

Mtetezi_Wawi

Allah akulipe kheri, Bi Fizio. Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Kwa wataalamu, nimetumia viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2017 vya huduma za viungo bandia, vinavyopendekeza wataalamu 5 hadi 10 kwa kila watu milioni 1. Kwa Zanzibar nzima hiyo ni kama 10 hadi 19. Je, tuombe wote kwa mkupuo?

BiFizio

Hapana. Ukiomba 19 leo utapewa sifuri, na hata ukipewa nafasi hutopata wa kuzijaza. Fani hii inasomeshwa hospitali ya KCMC Moshi, katika chuo cha TATCOT, kilichoanza mwaka 1981, na mafunzo yake ni ya miaka, si semina ya wiki mbili. Ombi liwe na vipande viwili vinavyokwenda pamoja: ufadhili wa wanafunzi wachache kila mwaka, na nafasi za ikama zinazofunguliwa mwaka wanaomaliza. Kipande kimoja kikikosekana, kijana anahitimu, anakuta hakuna nafasi, anabaki Bara. Mkataba wa ufadhili useme atatumikia Pemba kwa muda gani, na karakana iwepo kabla hajafika. Mtaalamu wa viungo bandia asiye na tanuri la kulainishia plastiki, pampu ya kuvuta hewa na mashine ya kusagia atageuka karani wa rufaa.

Plastiki ya polipropilini ndiyo ya kuandika kwenye ombi la karakana, maana haishiki kutu, inayeyushwa na kutumika tena, na bei yake inabebeka. Na mguu wa bandia una umri: mtoto anabadilishiwa kila miezi 6 hadi 12, mtu mzima kila miaka 3 hadi 5, na soketi (sehemu inayovikwa kwenye kigutu) mara nyingi mapema zaidi kwa sababu kigutu husinyaa. Kasma ya "miguu mipya" isiyokuwa na matengenezo inazalisha miguu ya kuegemezwa ukutani.

Malindi_Bandarini

Kidogo tu kuhusu ushuru. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano, inasamehe ushuru kwa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu. Ugumu uko kwenye hilo neno mahsusi. Kigari kizima kinapita, lakini tairi, beringi na mabati ya plastiki yakija peke yake ni bidhaa ya kawaida. Vipuri viingie kwenye ankara moja na vigari, vikielezwa ni vya vigari hivyo. Barua ya msamaha iombwe kabla meli haijatia nanga. Mzigo ukishaanza kuhesabiwa siku bandarini, gharama ya kuhifadhi inamla mtu. Msamaha wa VAT una sheria yake na maombi yake, usidhani wa forodha unatosha.

MsomaBajeti

Msiusahau Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya 2023. Someni kitita cha mafao kipengele kwa kipengele. Mambo matatu ya kutazama: mazoezi ya viungo yanalipiwa mara ngapi kwa ugonjwa mmoja, je, vifaa saidizi vimo au ni dawa na upasuaji tu, na je, matengenezo ya kifaa yanalipwa. Mgonjwa wa kiharusi anahitaji mazoezi ya wiki nyingi mfululizo, hasa miezi ya mwanzo. Kitita kikiweka kikomo kidogo, kimelipia kitanda cha wodi kisha kikamwacha mtu na mkono uliokakamaa.

Sauti_ya_Mikono

Kamati inapokusanya maoni, nani anafika? Mkalimani wa lugha ya alama aombwe kwa maandishi mapema, na wawe wawili kwa kikao kirefu, kwa sababu ukalimani wa mfululizo unachosha na mmoja peke yake huanza kuacha maneno baada ya kama dakika 20. Waraka upatikane kwa Breli na kwa faili la kompyuta lenye maandishi halisi. Picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu haisomeki na programu ya kusomea. Ukumbi wa ghorofani usio na lifti umeshawafungia watu mlango. Kifungu cha 4(3) cha Mkataba kinataka watu wenye ulemavu washirikishwe kwa karibu, watoto wakiwemo, kupitia jumuiya zao. UWZ (Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar) ipo tangu 1985, shirikisho la SHIJUWAZA linaziunganisha jumuiya, na ZANAB ya wasioona na JUWAUZA ya wanawake wenye ulemavu zipo. Waraka ukipita kwao kwanza, hauji kupingwa na wenyewe mbele ya Kamati.

Mkarafuu_Mkongwe

Nina shaka moja. Kama fedha zitakaa Afya na si kwenye afisi inayohusika na ulemavu, hamuoni watu wenye ulemavu watapangwa foleni moja na kila mwenye maumivu ya kiuno? Bora huduma iende kwa waliosajiliwa tu, kwa kitambulisho na barua ya Sheha.

KanuniKwanza

Shaka yako ni ya haki, mzee wangu, lakini dawa yake isiwe usajili. Aliyepata kiharusi Jumatatu anahitaji mazoezi wiki hiyohiyo. Bado hajasajiliwa popote, na pengine hajioni kuwa mtu mwenye ulemavu. Kichanga wa mguu kifundo hana hata cheti cha kuzaliwa. Ukiweka kitambulisho mlangoni, unavunja lile sharti la "mapema iwezekanavyo". Mkutano Mkuu wa Afya Duniani wa Mei 2023 nao ulipitisha azimio la kuingiza utengemao ndani ya mfumo wa afya, kwa hiyo Wizara haiwezi kusema ni jambo la ustawi pekee.

Hofu ya foleni inajibiwa kwa kuzitenga kasma: kasma ya ajira na mazoezi iwe wazi kwa kila mgonjwa, na kasma ya vifaa vya muda mrefu, yaani vigari, viungo bandia, viatu vya kunyooshea na katheta za nyumbani, iwe na ulinzi wake, isihamishwe kwenda matumizi mengine bila taarifa kwa Kamati.

Rasimu ya kifungu cha kanuni, ikosoeni:

"Mkurugenzi anayehusika na huduma za hospitali atahakikisha kuwa kila hospitali ya wilaya inatoa tathmini ya utengemao ndani ya siku 14 tangu rufaa, bila ya sharti la usajili wa ulemavu, na kwamba kifaa saidizi kilichoandikwa na mtaalamu kinatolewa, kurekebishwa na kutengenezwa katika kisiwa anachoishi mgonjwa."

BiFizio

Siku 14 ni nyingi kwa kiharusi na kwa kichanga. Andika siku 3 kwa mgonjwa aliyelazwa, 7 kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, na 14 kwa wengine. Na baada ya "kutengenezwa" ongeza "na kubadilishwa muda wake wa matumizi unapokwisha", la sivyo watatoa mguu mmoja kwa maisha yote.

FundiMagurudumu

Na "pamoja na mto" baada ya kifaa saidizi. Watalisahau lisipoandikwa.

Mtetezi_Wawi

Nimeyaingiza yote matatu. Waraka una kurasa mbili na jedwali moja: huduma, idadi kwa mwaka, bei ya kimoja, matengenezo, nani anawajibika. Bei naziomba kwa ankara za mfano kutoka kwa wauzaji wawili kwa kila kitu, maana Kamati itauliza zimetoka wapi. Mwenye orodha ya vifaa vya karakana yenye vipimo vya umeme anitumie kabla ya Ijumaa ijayo. Tanuri nyingine zinataka fezi tatu, na hilo lisemwe mapema kwa sababu kuvuta laini nako ni gharama ya bajeti hiyohiyo.